Kupima ukubwa wa viini vizito vya atomi: elektroni, muoni au leza?

Fungua jedwali lolote la viini vya atomi, tafuta risasi-208 (metali ya risasi yenye jumla ya protoni na nyutroni 208), utakuta nusukipenyo chake kimeandikwa femtomita 5.50. Femtomita ni mita moja iliyogawanywa mara milioni, kisha ikagawanywa tena mara bilioni. Hakuna rula inayofika huko, kwa hiyo kila tarakimu katika jedwali lile ina mwenyewe. Nyingine zilipatikana kwa kurusha elektroni, nyingine kwa chembe iitwayo muoni, na za isotopu adimu zinazokufa haraka (isotopu ni aina za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni) karibu zote ni kazi ya leza. Mwanafunzi anayezikuta kitabuni zimepangwa mfululizo hudhani anaweza kuchagua njia inayompendeza. Hawezi. Kabla ya kuuliza ipi ina usahihi zaidi, uliza una atomi ngapi mkononi na zitaishi muda gani.

Kwanza tuondoe utata mmoja. Fomula ya darasani, femtomita 1.2 mara kipeuo cha tatu cha jumla ya protoni na nyutroni, inaipa risasi-208 nusukipenyo cha femtomita 7.1. Jedwali linasema 5.50. Hakuna aliyekosea. Ile 7.1 ni ukingo wa tufe ambalo tumelichukulia kuwa limejazwa chaji sawasawa. Ile 5.50 ni ya kitakwimu: unachukua umbali wa kila kipande cha chaji kutoka katikati, unaupandisha mraba, unatafuta wastani, kisha kipeuo cha pili. Zidisha 5.50 kwa kipeuo cha pili cha 5/3, unarudi kwenye 7.1 yako. Njia zote tatu hapa chini huzungumzia hiyo ya kitakwimu, na zote hupima chaji, yaani protoni. Nyutroni hazina chaji na zinahitaji ujanja mwingine kabisa. Jefferson Lab ya Marekani ilitangaza mwaka 2021 kwamba nyutroni za risasi-208 zimetokeza nje ya protoni kwa femtomita 0.28 hivi, lakini hiyo tuiache kando.

Elektroni: picha nzima, kwa mwenye mali

Robert Hofstadter alirusha elektroni zenye nguvu kwenye shabaha nyembamba huko Stanford miaka ya 1950, na mwaka 1961 akapata Tuzo ya Nobel. Elektroni ya MeV 500 (MeV ni kipimo cha nishati, elektronivolti milioni moja) ina urefu wa wimbi wa femtomita 2.5 hivi, mfupi kuliko kiini cha risasi. Kwa hiyo hutawanyika kwa mpangilio wa kupanda na kushuka, kama mawimbi ya bahari yanapokutana na nguzo ya gati. Hesabu ni elektroni ngapi zimekwenda pembe ipi, na unaweza kuchora chaji ya kiini kuanzia kitovuni hadi ukingoni. Uwezo huo wa kuchora kiini kizima ni wa elektroni peke yake. Leza na muoni hazifiki hapo.

Gharama yake ni shabaha. Elektroni nyingi mno hupita bila kugusa chochote, hivyo inatakiwa karatasi ya metali unayoweza kuishika kwa kibano. Kwa risasi, bismuthi au urani hakuna shida. Kwa kiini kinachokufa ndani ya dakika moja, karatasi hiyo haiwezi kutengenezwa hata kwa fedha za nchi nzima. RIKEN ya Japani ilipata njia ya kuzunguka kikwazo hicho: ioni, yaani atomi zilizopungukiwa elektroni, hunaswa ndani ya pete ileile ambamo elektroni zinazunguka, kwa hiyo mkondo wa elektroni unakuwa mtego na kipimo kwa wakati mmoja. Mwaka 2023 walitoa matokeo ya kwanza kwa kiini kisicho imara kilichotengenezwa hapohapo, sizi-137. Nilifurahi kuyasoma, ila sizi-137 ina nusu-maisha, yaani muda wa nusu ya atomi zake kufa, ya miaka 30. Nobeliamu, elementi ya 102 inayotengenezwa maabara tu, bado iko mbali sana na mashine ile.

Muoni: rula yenyewe

Muoni ni ndugu ya elektroni. Ina chaji ileile, ila uzito wake ni mara 207. Ikinaswa na atomi hushuka ngazi baada ya ngazi, na kwa uzito wake mzingo unakuwa karibu na kiini mara 207 kuliko ule wa elektroni. Kwa risasi, hesabu rahisi inauweka mzingo wa chini kabisa femtomita 3 tu kutoka katikati. Maana yake muoni inashinda ndani ya kiini chenyewe.

Mpangaji wa namna hiyo huijua nyumba vizuri. Eksirei zinazotoka muoni inaposhuka ngazi ya mwisho ndani ya risasi zina nishati ya karibu MeV 6. Kama kiini kingekuwa nukta tupu, nishati hiyo ingekuwa zaidi ya mara mbili. Ukubwa wa kiini hapa haujajificha kwenye tarakimu ya saba baada ya nukta, umekula nusu ya jibu. Ndiyo sababu muoni hutoa nusukipenyo kamili, kwa femtomita, kwa usahihi unaovuka sehemu moja katika elfu.

Muoni yenyewe huishi mikrosekunde 2.2, lakini hilo si tatizo kubwa kwa sababu kunaswa na kushuka huchukua muda mfupi zaidi. Tatizo ni lile lile la shabaha. Kwa miongo mingi ilitakiwa miligramu nyingi na kuendelea, na hakuna maabara itakayokuruhusu kuweka miligramu kumi za kitu chenye mionzi mikali katikati ya ukumbi. Kundi la muX katika Taasisi ya Paul Scherrer, Uswisi, lilipata dawa. Muoni husimamishwa kwanza ndani ya hidrojeni iliyoshindiliwa kwa mgandamizo wa bari 100, yenye deuteri (hidrojeni nzito) kidogo. Huhama kutoka hidrojeni kwenda deuteri, na atomi hiyo mpya ya deuteri na muoni hupenya kwenye hidrojeni kana kwamba gesi haipo, hadi inapofika kwenye tabaka jembamba la shabaha na kumkabidhi mwenyeji mpya muoni yake. Waliijaribu kwa mikrogramu 5 za dhahabu ikafaulu, kisha wakaipeleka kwenye kuriamu-248 na radiamu-226.

Mikrogramu inasikika kama si kitu. Lakini mikrogramu moja ya kuriamu-248 ina atomi zaidi ya milioni bilioni mbili. Ishike namba hiyo, tutairudia.

Leza: alama za mkaa ukutani

Watoto wa nyumba moja hupimwa urefu kwa alama za mkaa kwenye ukuta. Unajua fika kwamba Juma amempita dada yake kwa vidole vitatu, lakini hakuna aliyeandika mita popote. Leza hupima viini namna hiyo.

Kazi yenyewe hufanywa na elektroni za kawaida za atomi. Baadhi yao, zile za mizingo ya aina ya s, zina nafasi ndogo ya kuwepo ndani ya kiini. Elektroni ikiwa humo ndani huvutwa kidogo kuliko ambavyo ingevutwa na nukta, kwa hiyo kiini kikinenepa, ngazi ya nishati hupanda kidogo. Ukibadilisha isotopu, yaani protoni zilezile na nyutroni tofauti, mstari wa mwanga wa atomi, yaani rangi kamili ambayo atomi huipokea, huhama kidogo. Leza huzungushwa taratibu kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya kitufe, hadi atomi iitike. Kisha unahamia isotopu ya pili na kuona stesheni imesogea kiasi gani.

Kuhama huko kuna sababu mbili: uzito wa kiini umebadilika, na ukubwa wake umebadilika. Kwa elementi nyepesi, uzito ndio unaotawala na ukubwa unamezwa. Kwa nzito mambo hugeuka. Sehemu ya uzito hupungua kadiri kiini kinavyokuwa kizito, na sehemu ya ukubwa hukua hadi kufikia gigahezi kadhaa kati ya isotopu mbili (gigahezi ni mitetemo bilioni ya mwanga kwa sekunde, megahezi ni milioni). Kwa hiyo mpimaji wa viini vizito ana bahati ambayo mpimaji wa lithiamu hana.

Lakini alama ya mkaa si mita. Ili gigahezi zigeuke femtomita unahitaji kigezo kinachosema mstari huu unahama kwa kiasi gani kwa kila badiliko la ukubwa. Zebaki ina isotopu saba imara na risasi ina nne, hivyo unaweza kuzipima kwa muoni, ukalinganisha na leza, na kigezo kikapatikana kwa vipimo. Nobeliamu haina hata moja. Hapo unategemea wanahesabu wa nadharia ya atomi wenye elektroni 102 za kushughulikia kwa pamoja, na kosa lao linaingia moja kwa moja kwenye jibu lako. Makala nyingi za kusifu leza hupita hapo haraka. Usahihi wa mstari na usahihi wa nusukipenyo ni vitu viwili.

Leza ina zawadi nyingine ambayo muoni na elektroni huipata kwa shida. Isotopu yenye idadi witiri ya nyutroni au protoni huwa na spini, aina ya mzunguko wa ndani wa kiini, na mstari wake hupasuka vipande vidogo. Nafasi kati ya vipande hukueleza usumaku wa kiini na kama umbo lake ni tufe au limerefuka kama yai. Kipimo kimoja, majibu matatu.

Ukishachagua leza, bado hujachagua

Watu husema "leza" kana kwamba ni chombo kimoja. Kuna njia nne ambazo mwenye viini vizito atakutana nazo, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko tofauti kati ya leza na muoni.

| Njia | Upana wa mstari | Inafaa kwa |
|---|---|---|
| Leza sambamba na mkondo wa ioni | makumi ya megahezi | ioni mamia au maelfu kwa sekunde. Makumi ukihesabu ioni badala ya mwanga |
| Leza ndani ya tanuri la chanzo | gigahezi kadhaa | isotopu adimu kabisa za elementi zinazotoka kirahisi kwenye tanuri |
| Waya ndani ya gesi, kusubiri mionzi ya alfa | gigahezi kadhaa | elementi za kutengenezwa atomi mojamoja |
| Leza kwenye mchirizi wa gesi | mamia ya megahezi | zilezile, ukihitaji kuona mipasuko ya mstari |

Ya kwanza ndiyo safi kuliko zote. Ioni huharakishwa kwa kilovolti 30 hadi 60 na leza humulikwa sambamba nazo. Kuharakisha huko hubana tofauti za mwendo kati ya ioni moja na nyingine, hivyo mstari uliokuwa mpana kwa sababu ya athari ya Doppler (mwendo wa atomi kubadilisha rangi ya mwanga inaouona) unakuwa mwembamba. Huko ISOLDE, kituo cha CERN kilichoanza kazi mwaka 1967, kundi la COLLAPS huhesabu mwanga unaorudi kutoka kwenye atomi. Kundi la CRIS, jirani yao, hung'oa elektroni kwa leza za ziada na kuhesabu ioni zenyewe, jambo linalopunguza sana kelele. Kama una zebaki, risasi, poloni au radiamu kwa wingi wa kutosha, usitafute kwingine. Udhaifu wake ni kwamba kituo cha namna hiyo hugonga shabaha nene kwa protoni na kusubiri atomi zivuje kutoka ndani. Kwa shabaha za urani, elementi zilizo mbali mbele ya urani hazitoki hivyo.

Njia ya tanuri humulika atomi zikiwa bado ndani ya chanzo chenye joto la takriban nyuzi 2000. Mistari hunenepa kwa joto, lakini hakuna atomi inayopotea njiani. Mfano wake ninaoupenda ni zebaki. Mwaka 1972 watafiti wa ISOLDE waliona jambo la ajabu: ukishuka kutoka zebaki-187 kwenda 185, kiini kinanenepa ghafla badala ya kupungua. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini kufika chini zaidi, hadi zebaki-177, kwa leza ndani ya chanzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba 181, 183 na 185 zimerefuka, majirani zao wenye namba shufwa hawakurefuka, na kuanzia 180 kushuka mambo yanatulia tena. Gigahezi kadhaa za upana hazikuharibu kitu, kwa sababu mruko wenyewe ulikuwa mkubwa. Mwenye kulilia megahezi angekaa bila zebaki-177.

Njia ya tatu ilizaliwa kwa shida ya elementi zilizo mbele ya fermiamu, elementi ya 100. Huko GSI, kituo cha utafiti wa ioni nzito mjini Darmstadt, Ujerumani, kalsiamu-48 hugongwa kwenye risasi-208, nyutroni mbili huruka, na kinachobaki ni nobeliamu-254 yenye nusu-maisha ya sekunde 51. Zinatoka atomi chache tu kwa sekunde. Tuseme tano: mchana na usiku bila kusimama, siku nzima ni atomi 432,000. Sasa irudie ile namba ya mikrogramu ya kuriamu. Hata ukifanya kazi miaka mia moja na atomi zisife, hukaribii.

Kwa hiyo atomi hizo hupunguzwa kasi ndani ya gesi ya argoni, hukusanywa juu ya waya wa tantalamu, waya hupashwa moto, atomi hupepea, na leza mbili hupita. Ya kwanza hutafuta mstari, ya pili humalizia kung'oa elektroni. Ioni iliyopatikana huvutwa hadi kwenye kitambuzi, na hapo hungojewa ife. Chembe ya alfa inayotoka ina nishati inayotambulisha mwenyewe kama sahihi kwenye hundi, hivyo hata ioni moja haichanganywi na takataka. Mwaka 2016 kundi hilo lilitangaza mstari wa nobeliamu, katika mwanga wa urujuanimno wa nanomita 334 hivi. Mwaka 2018 likaja na ukubwa na umbo la isotopu 252, 253 na 254: zimerefuka, na hesabu za nadharia zinazokubaliana na vipimo hivyo zinaonyesha protoni zimepungua kidogo katikati ya kiini. Waya una kikomo kimoja kikali. Kukusanya na kupasha moto huchukua muda, na isotopu isiyofika sekunde moja hufa juu ya waya kabla leza haijaiona.

Fermiamu inaonyesha kwa nini kung'ang'ania njia moja ni kosa. Mwaka 2003, huko Mainz, Ujerumani, mistari ya kwanza ya elementi hiyo ilisomwa kwa atomi bilioni 27 za fermiamu-255, ambayo nusu-maisha yake ni saa 20. Matokeo ya mwaka 2024 yaliunganisha isotopu za muda mfupi zilizotengenezwa kwa mashine ya GSI na zile za muda mrefu zilizozalishwa kwa njia ya vinu vya nyuklia, kila kundi kwa chombo chake. Nusukipenyo zilipanda taratibu bila kona yoyote wakati nyutroni zinapovuka 152, idadi inayojaza tabaka moja la kiini. Kwa risasi, ukivuka nyutroni 126, kona iko waziwazi. Viini vizito kupindukia vinaanza kufanana na tone la maji, ambalo halijali sana nani amekaa chumba gani.

Mchirizi wa gesi ndio mgeni wa karibuni. Atomi hutoka na gesi kupitia tundu lililochongwa maalumu, gesi hupanuka na kupoa, na mstari unakuwa mwembamba mara kadhaa kuliko ndani ya gesi tuli. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwa aktini mwaka 2017 kwamba inawezekana. GSI wana chombo chao cha aina hiyo, na Ufaransa wanajenga chao kwenye kituo cha GANIL.

Basi uchague ipi

Kama una karatasi ya metali na unataka kujua chaji imekaaje ndani, nenda na elektroni. Kama una mikrogramu chache za kitu kinachoishi miaka na unataka femtomita kamili, nenda na muoni, na usitumie leza kama mbadala wake. Muoni moja iliyopimwa vizuri hugeuza mnyororo mzima wa alama za leza kuwa mita. Radiamu ni mfano mzuri. Isotopu zake zimepimwa kwa leza tangu miaka ya 1980, lakini hakuna hata moja iliyo imara, ndiyo maana kipimo cha muoni cha radiamu-226, ambayo huishi miaka 1600, kina uzito mkubwa.

Kama huna mikrogramu, leza ndiyo pekee iliyobaki. Hapo ningekuwa mkali kwa mwanafunzi wangu: asiniambie anataka megahezi kabla hajaniambia anapata atomi ngapi. Nobeliamu-252, yenye sekunde 2.4, ningeiweka kwenye waya kwa kusitasita. Nobeliamu-253, yenye namba witiri na mipasuko ya kusomwa, ningeipeleka kwenye mchirizi, hata kama atomi nyingi zitapotea tunduni na zamu ya mashine ikarefuka wiki nzima.